Ngoma Iitwayo Kibudu

Jumanne, 11 Agosti 2009

Stima imerudi saa nne. Mgao tena. Nimeamka mapema bure, nikakaa mbele ya kompyuta iliyozimika kama mgonjwa anayengoja daktari.

Stoo inanuka. Haijawahi kunukia, ni stoo ya nyuma ya bucha ya Baba, lakini siku hizi ni harufu nyingine. Tamutamu. Inakaa kwa koo. Nimebandika trei za mayai ukutani kuzuia sauti na nafikiri trei zimeifyonza. Nikirekodi lazima nifungue mdomo, nayo inaingia.

Lemayian amefika mchana, viatu vimejaa vumbi. Ametoka kwao, upande wa Kajiado. Ameimba kiitikio cha "Meza" mara moja tu na hakukuwa na haja ya kurudia. "Leta, leta, leta kwa meza." Hamuigi Mjamaika yeyote wa rege. Anaivuta sauti vile wazee wao huita ng'ombe jioni. Biti yangu ni hip hop kabisa, ngumu, kavu. Akiingia yeye, inapata kiuno.

Ndiyo nilikuwa natafuta. Albamu ya kwanza ilikuwa maneno tu. Watu walisema nawahutubia kama chifu. Hakuna aliyecheza, hata mimi mwenyewe. Hakuna kampuni nyuma yangu, hakuna wa kulaumu. Hii ya pili watacheza.

Muli, anayetukatia nyama hapo mbele, alituletea mishkaki. Nilikula yangu na ya Lemayian. Yeye alisema hana njaa.

Alhamisi, 13 Agosti

Nyumbani, githeri. Jana ndengu. Juzi githeri. Baba ana bucha inayojulikana Noonkopir nzima, mtaa wetu wa Kitengela, na mezani kwake hakuna hata mfupa wa supu. Nimemuuliza Mama. Anasema daktari amemkataza Baba nyama nyekundu kwa sababu ya miguu. Sawa. Lakini sisi wengine hatuna ugonjwa wa miguu.

Sijali sana. Mimi nakula studio.

Shairi la pili la "Meza" halijakaa. Naandika kuhusu sherehe ambayo sikualikwa. Uongo mtupu. Nikiusikiliza kwa spika nasikia aibu, nazima.

Jumapili, 16 Agosti

Kanisani. Baba alisimama mbele na lile koti lake la kahawia la wazee wa kanisa, akaomba mchango wa unga kwa familia za wafugaji. Alisema ukame umezidi, ng'ombe wanalala kando ya barabara ya Namanga na hawaamki. Alisema jirani ni jirani. Mama mmoja alilia. Nilimwonea Baba fahari. Naandika hapa kwa sababu sitamwambia.

Jioni tumbo lilinisokota. Nimekunywa maji moto, nikalala.

Jumatano, 19 Agosti

Nimeona.

Nilienda asubuhi na mapema ili nifanye kazi kabla stima haijakatwa. Pikapu ilikuwa imeingia kinyumenyume uani, karibu iguse mlango wa stoo. Muli na dereva walikuwa wakivuta kitu kwa kamba. Ng'ombe. Nilidhani amefungwa. Miguu ilikuwa imekauka, imenyooka mbele. Tumbo limefura. Nzi kwenye macho na macho hayafumbi. Alipoanguka chini alitoa kishindo kama gunia.

Muli alimkata shingo. Hakuna kilichoruka. Kitu cheusi kilitoka kidogo, kizito, kikasimama hapo hapo.

Kibudu. Mwalimu wa Kiswahili alitufundisha hilo neno shule ya msingi: mnyama aliyekufa mwenyewe, bila kisu. Sikuwahi kuwa na kazi nalo.

Muli aliniona. Hakushtuka hata kidogo. "Wairimu, ingia ndani. Hii si kazi yako." Baadaye, nikichungulia kwa dirisha, nikamwona akitoa muhuri kwa mfuko wa koti. Ule wa wino wa zambarau. Mkaguzi wa nyama peke yake ndiye anafaa kuwa nao. Akaupiga kwenye paja la ng'ombe, tap, tap, kama karani.

Nilitapika nyuma ya tangi la maji. Nimekula hiyo nyama. Kila siku, tangu sijui lini. Kuna mahali kwenye albamu, ukisikiliza vizuri, unanisikia nikimeza.

Alhamisi, 20 Agosti

Nimemkabili Baba. Nilimngoja awe peke yake kwa kaunta.

Huniita Mami kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Aliniita hivyo leo pia, kwa upole, akifuta mizani.

"Mami, huyo hakuwa mgonjwa. Alikufa njaa. Njaa haiambukizi."

Nikamwambia watu wanalisha watoto. Akasema na yeye pia amelisha watoto. Akauliza hiyo kompyuta yangu huko nyuma inakula nyasi ama inakula stima ya bucha.  

Kabla sijaondoka, mwalimu wa nasari ya ng'ambo ya barabara aliingia. Nusu kilo. Baba alimpimia, halafu akamwongezea kipande juu ya mizani, bure, kwa sababu ana watoto wadogo. Akamwambia Mungu ambariki. Mwalimu akashukuru.

Ningesema. Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nilimwangalia akifunga hiyo nyama kwa gazeti na mdomo wangu haukufunguka. Kwa maiki naongea kama mashine.

Ijumaa, 21 Agosti

Mama alikuwa akichambua maharagwe. Nilimuuliza wazi. Hakuinua macho.

Anajua tangu Juni. Hakuna daktari. Miguu ya Baba haina shida yoyote. Aliacha tu kupika nyama, akatafuta uongo wa kuifunika.

Nikamwambia nimekuwa nikila huko kila siku ya Mungu na alijua. Kwa nini hakuniambia?

"Ningekuambia, ungeimba."

Akaendelea kuchambua. Mbovu huku, nzuri huku. Sikuweza kuiangalia mikono yake. Nililala bila kula.

Jumanne, 25 Agosti

Lemayian hajaonekana wiki nzima. Simu haishiki. Nimepanda basi hadi Kajiado kumtafuta kwenye soko la mifugo.

Sijui nitaandika vipi. Watu wanawashikilia ng'ombe mkia, mmoja nyuma, mmoja kwa pembe, ili wasimame mnunuzi akipita. Ukiwaachilia wanakaa chini. Akikaa amekwisha. Mzee mmoja alikuwa akimpiga wake kwa kiganja, polepole, akiongea naye Kimaa. Harufu ile ile. Mji mzima una harufu ya stoo yangu.

Nikaona ile pikapu. Aliyekuwa juu akifunga kamba ni Lemayian.

Ni yeye. Yeye ndiye huzunguka manyatta akikusanya ng'ombe waliolala, wa kwao na wa majirani, anawapakia wakati bado hawajaoza, dereva anawaleta Noonkopir. Baba ndiye mnunuzi.

Tuligombana mbele ya watu. Nilimwita muuza mizoga. Alinivuta kando.

"Rimu, sikia. Unataka tuwazike, halafu yeyo akule nini? Muziki?"

Yeyo ni mamake. Nikamwambia ndiyo maana hukula mishkaki yetu.  Akasema hao ng'ombe aliwachunga akiwa mtoto, wengine alishika kamba siku wanazaliwa, hawezi kuwaweka mdomoni. Lakini anaweza kuwaweka kwenye pikapu. Alisema hivyo yeye mwenyewe, kabla sijasema.

Nilimwambia nitaandika ngoma juu ya hii kitu na yeye ataimba kiitikio. Alikataa. Alisema Baba ndiye peke yake ananunua waliolala. Wengine wanapita wakiziba pua. "Tengeneza albamu yako. Hii wachana nayo."

Nilimwonea huruma nikitaka kumpiga kofi. Kwenye basi nilikaa dirishani. Nilihesabu mizoga kando ya barabara mpaka nikachoka, nikafumba macho. Hata ukifumba unajua walipo.

Alhamisi, 27 Agosti

Nimeiandika. Kwa kikao kimoja, bila kusimama. Hakuna sherehe ndani yake. Nimeondoa mashairi yote ya "Meza" na kuweka haya.

Muhuri kwa paja, sala kwa kinywa,
aliyekufa jana leo anachinjwa.

Nimerekodi nikiwa na hasira mpaka maiki imejaa mate. Ni kitu bora nimewahi kufanya. Naona aibu kusema hivyo, lakini ni kweli.

Haina kiitikio. Bila kiitikio inarudi kuwa hotuba.

Ijumaa, 28 Agosti

Nimechukua sauti ya Lemayian. Ile ya tarehe kumi na moja. "Leta, leta, leta kwa meza." Nimeikata vipande, nikaipanga upya juu ya biti mpya, nikaipandisha kidogo iwe kali. Sikumpigia simu. Angekataa, na nilijua, kwa hivyo sikupiga.

Imekaa vizuri kupita kiasi. Mimi nasema kibudu, yeye anajibu leta kwa meza. Nywele zilinisimama.

Halafu nikatazama mikono yangu kwenye kibodi. Kukata, kupanga, kuuza kitu cha mtu ambaye hawezi kusema hapana. Nilienda kunawa na sabuni ya kufulia.

Jumapili, 6 Septemba

Unga wa mchango umepelekwa leo baada ya ibada. Baba alitoa gari. Ni ile pikapu. Wameosha sehemu yake ya mizigo kwa maji na dawa, wakatandika turubai, wakapanga magunia juu, mchungaji akaomba. Mimi niliona doa jeusi kwenye kona, chini ya gunia la mwisho. Watu walipiga makofi.

Sijawahi kutoka kanisani nikitema mate. Leo nilitema.

Jumamosi, 12 Septemba

Albamu imeisha. Ngoma kumi na mbili. Nimechoma CD za kwanza mwenyewe, kompyuta ikapata moto mpaka nikaifungulia dirisha na nzi wakaingia wote.

Baba alipita nje nikiicheza "Kibudu" kwa sauti ya chini. Aligonga ukuta. "Hiyo ni tamu, Mami! Hiyo watacheza!"

Alisikia kiitikio tu.

Jumamosi, 19 Septemba

Uzinduzi. Ukumbi wa klabu moja hapa Kitengela, wanakochoma nyama nyuma na kucheza mbele. Watu walijaa. Sikutarajia. Nilisema Lemayian ni mgonjwa. Uongo mwingine.

Ngoma za kwanza zilienda vizuri. Nikafika "Kibudu". Nilikuwa nimejiandaa kwa ukimya. Nilifikiri watu watasikia, wataweka sahani chini, mtu atainuka aulize ni bucha gani. Niliota hivyo wiki tatu.

Walicheza. Walicheza kuliko ngoma zote. Kufika kiitikio cha pili ukumbi mzima ulikuwa umeinua mikono, leta, leta, leta kwa meza, na wahudumu wakipita katikati na sinia za nyama juu ya vichwa, watu wakizishangilia hizo sinia. Nilirap kila neno wazi. Sikumung'unya. Walirudisha neno langu kwa furaha: kibudu! kibudu!

Nikasimamisha biti. Kimya. Nikasema kwa maiki, pole pole, hii si mzaha, hii ni bucha ya babangu.

Wakashangilia zaidi. Walifikiri namtangazia Baba biashara.

Mpiga santuri akairudisha kutoka mwanzo. Niliimaliza. Naona haya kuandika kwamba niliimaliza, na kwamba nilitabasamu kwa picha.

Jumatano, 30 Septemba

Redio wanaicheza. Mtangazaji wa jioni anaiita "wimbo wa wapenda nyama". Sijamsikia akisoma mstari hata mmoja.

Baba ametoa spika kubwa ya nyumbani akaiweka mlangoni mwa bucha. Inapiga "Kibudu" kutwa. Wateja wanatoka mpaka mitaa ya juu. "Mzee, nipimie kibudu nusu!" Wanacheka. Muli anacheka. Baba anacheka kuliko wote.

Leo alicheka akiniangalia mimi, kisu mkononi. Hapo ndipo nilijua. Amesikia mashairi. Ameyasikia yote, kuanzia la kwanza. Anajua ni yeye. Na amegundua haimdhuru hata kidogo.

Nilidhani nimeshamchukia. Kumbe nilikuwa sijaanza.

Ijumaa, 2 Oktoba

Lemayian alikuja. Alisimama mlangoni mwa stoo, hakuingia.

Mzee wake ameisikia redioni, huko boma. Anajua sauti ya mtoto wake. Aliuliza ni nani hao wanakula kibudu, na kwa nini kijana wake anawaambia waongeze. 

"Hukuniuliza," Lemayian alisema.

Nikasema ndiyo, sikukuuliza.

"Toa sauti yangu."

Hakupaza sauti hata mara moja. Afadhali angepiga mlango. Nikamwambia nitaitoa. CD zilizotoka siwezi kuzirudisha. Anajua. Aliondoka bila kunipa mkono.

Nimekaa hapa jioni yote. Ngoma niliyoiandika kwa hasira imewapa watu hamu ya kula. Ni mimi niliyeweka kiuno. Ningeiacha bila kiitikio wangechoka nayo, lakini labda mmoja angesikia.

Jumatatu, 5 Oktoba

Nimeenda Kajiado, ofisi za serikali. Nimekaa kwenye benchi na watu wanaotafuta vyeti vya kuzaliwa. Mara mbili nilisimama niondoke. Nilikuwa nafikiria mikono ya Baba akinifunga kamba za viatu siku ya kwanza ya shule. Sikutaka kuifikiria, ilikuja tu.

Nikaitwa. Afisa wa afya, mwanamume wa makamo, alinitazama akauliza kama mimi ndiye yule wa ile ngoma. Nikasema ndiyo. Akatabasamu, akasema watoto wake wanaipenda.

Nikamwambia ngoma ni kweli. Nikamtajia bucha. Nikamtajia muhuri. Aliuliza mwenye bucha ni nani kwangu.

"Ni babangu."

Aliacha kutabasamu. Akaandika. Akaniomba nirudie jina, nikarudia, majina yote matatu.

Hakukuwa na biti. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, karibu hakusikia.

Ijumaa, 9 Oktoba

Wamekuja.

Asubuhi, gari mbili. Walimkuta Muli uani na ng'ombe aliyelala. Aliruka ua wa mabati, akaacha kiatu. Wametoa nyama yote, wakaimwagia dawa ya bluu, wakaichoma shimoni nyuma. Moshi ulipanda mpaka barabarani. Umati ulikusanyika, mbwa wetu akiubwekea. Spika ilikuwa bado mlangoni, hakuna aliyethubutu kuiwasha wala kuiondoa.

Baba alivaa koti lake kabla ya kuingia kwenye gari lao. Alifunga vifungo vyote.  Alinipita karibu sana na akaniita Wairimu. "Wairimu, fungia mbwa." Hivyo tu.

Mwalimu wa nasari alitazama kufuli walilopiga mlangoni mwa bucha, akanitazama mimi. Alikuwa na watoto wake wawili mkononi. Nilingoja anitukane. Alisema, "Ulikuwa umesimama hapo siku hiyo." Nikasema ndiyo. Akaenda.

Mchana Mama alikuwa ameshapanga nguo zangu kwa mifuko. Kompyuta ameifunga kwa blanketi langu, vizuri, kama mtoto. "Ondoka kabla hajaachiliwa." Sikuelewa kama ananifukuza ama ananiokoa. Nafikiri hata yeye hajui. Wazee wa kanisa walikuwa wakiingia langoni kumwombea Baba wakati mimi natoka. Mmoja aligeuza uso.

Jumapili, 18 Oktoba

Kajiado. Chumba kimoja, ukuta wa mawe, mabati juu. Nimepanga kwa mama mmoja anayeuza mboga, haulizi mambo mengi. Naosha nywele kila siku. Harufu haitoki, ama iko kwa pua tu.

Baba ameachiliwa kwa dhamana. Kesi itatajwa mwezi ujao.

Nimeitoa sauti ya Lemayian. "Kibudu" mpya ni mimi na biti, basi. Nimempelekea mtangazaji wa redio. Amesema imekufa, akauliza ile ya zamani iko wapi. Nikamwambia asiicheze tena. Amecheka. Ataicheza.

Lemayian nilimkuta kwenye steji ya mabasi jana. Nilimwonyesha CD mpya, nikamwambia umo kwenye ngoma zile zingine tu, na hizo pia nitatoa ukisema. Aliigeuza CD mkononi. "Hizo niliimba mwenyewe. Ziache."

Nikauliza habari za nyumbani. Alisema sasa hakuna anayenunua waliolala. Wanabaki walipoanguka. Fisi wameshiba mpaka wanatembea mchana. Yeyo anakula unga wa kanisa. Wamebaki na ng'ombe wachache wanaosimama, na mzee ameamua kuwapeleka mpaka wa Tanzania, wanasema kuna majani. Yeye anaenda naye.

"Ulifanya vizuri," aliniambia. "Na umetumaliza."

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anasema tu. Nilitaka kumwomba msamaha kwa ile sauti, na nikamwomba. Alisema amesikia. Hakusema amesamehe. Basi lake likaja.

Alhamisi, 29 Oktoba

Sijafanya kazi siku kumi. Kila biti nikiianza nasikia ukumbi ule ukipiga kelele. Nafuta.

Jumapili, 15 Novemba

Imenyesha tangu alfajiri. Barabara nje ni mto mwekundu. Watoto wa mwenye nyumba wanaoga ndani yake na hakuna anayewakataza.

Mama alikuja. Sikumtarajia. Alisimama mlangoni na mwavuli uliovunjika, amelowa upande mmoja wote. Hakusema kwa nini hakwenda kanisani. Nilimpa taulo na chai. Alikunywa akitazama chumba: kompyuta, maiki, sufuria yangu moja. Aliuliza kama kuna baridi usiku. Nikasema kidogo.

Alisema Baba anashinda amekaa sebuleni. Hataki wageni. Hajataja jina langu, zuri wala baya. Halafu akasema amechoka. Alisema hivyo mara moja tu, na sijawahi kumsikia akilisema hilo neno.

Nikamwambia alale kidogo, mvua haiwezi kumruhusu kurudi sasa. Alilala na viatu. Nimemvua taratibu, soksi zimelowa, nimezianika kwa kiti. Miguu yake ni midogo. Nimeifunika.

Mabati yanapiga kelele mno, haiwezekani kurekodi. Nimezima mashine. Anakoroma kidogo. Nimekaa sakafuni, mgongo kwa kitanda, naandika hii polepole ili kalamu isimwamshe.